Niambie Jua Lilikuwa Wapi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkuu wa Chuo pamoja na wajumbe wa Bodi. Walimu mlionifundisha na mlionivumilia. Ndugu wageni waalikwa. Wahitimu mliopendeza kuliko sisi tulivyopendeza siku yetu. Shangazi yangu uliyekaa mstari wa mbele, umeukumbatia mkoba utadhani ukumbi umejaa vibaka. Na wewe Mwalimu wetu, mwenye shughuli yako leo: nawasalimu nyote kwa heshima na taadhima. Ambaye sikumtaja kwa cheo asininunie. Mshereheshaji amenikanya nisirefushe, nami nimemwahidi kwamba nitakuwa mfupi, naye amecheka, maana ananijua.

Kabla sijaanza, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nina ombi moja, na nakusihi usilichukulie kuwa utovu wa adabu. Naomba usogeze kiti chako mbele kidogo. Kidogo tu. Hapo ulipo, taa ya dari iko juu ya utosi wako, na sisi huku macho yako hatuyaoni kabisa. Tunaona mashimo mawili na ncha ya pua. Mpiga picha wetu amekwisha kukupiga picha kadhaa tangu asubuhi, na mimi nimechungulia kamera yake bila ruhusa. Katika zote umetoka kama mtu aliyekuja kutufukuza kazi. Sogea tena... Hapo hapo! Ahsante sana.

Mmeona, ndugu zangu? Mwanga wa dirisha la kushoto umemfikia. Macho yamerudi, shavu limerudi, hata ule upole wake tuliousikia kwenye wasifu umerudi. Na yeye mwenyewe hajafanya lolote. Hajatabasamu zaidi, hajapanda cheo, hajala. Amesogeza kiti tu. Sasa niwaulize: ni watu wangapi katika maisha yetu tumewaita wakali, tumewaita wenye kiburi, kumbe walikuwa wamekaa chini ya taa mbaya?

Swali hilo si langu. Ni la huyu bwana anayestaafu leo. Jina lake kamili mmelisoma kwenye kadi za mwaliko, lakini sisi tuliopita mikononi mwake tulimpa jina la Mwalimu Kivuli, naye alilipokea bila kinyongo. Tulimwita hivyo kwa sababu ukikutana naye, kabla hajakutazama usoni, anatazama chini, miguuni pako, aone kivuli chako kimelalia upande gani. Ndipo anyanyue macho akuamkie. Shangazi yangu siku ya kwanza kukutana naye alirudi nyumbani amekasirika. Alisema, "Yule mwalimu wako ana dharau. Amenikagua viatu!"

Waliotangulia kuzungumza wamesifu utumishi wake, uaminifu wake, na jinsi asivyochelewa kazini, na yote ni kweli tupu. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nimesimama kuwaeleza habari za mkono mmoja, ambao nusura ufutwe.

Wengi mnanijua kwa studio yangu karibu na stendi. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kamera nilikuwa msusi. Nilikuwa na chumba kimoja, kioo kimoja, viti viwili, na mdomo usiokauka maswali. Wateja walikuwa wakiniita Mama Kwa Nini. Miaka hiyo nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, binti yangu yule aliyeketi karibu na mlango, anayejifanya sasa hivi kwamba hanijui. Inua kichwa, mama, ukumbi mzima umeshakuona.

Sasa, mtu ukizaa, unamkumbuka aliyekuzaa. Mimi wa kwangu simkumbuki. Alifariki nikiwa bado nanyonya, akanilea shangazi huyu huyu, na Mungu ndiye shahidi kwamba sikupungukiwa. Lakini sura ya mama niliijua kwa picha moja. Moja tu, ndugu zangu, iliyopigwa siku ukoo ulipokusanyika, na ilipotoka kwa mpiga picha, mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo mwenyewe hakuwahi kuiona, na hakupata nafasi ya kuisemea.

Nawaeleza ilivyo. Watu wamejipanga mbele ya nyumba. Bibi kaketi kwenye kiti, baba nyuma yake, baba mdogo kajishika kiuno, halafu shangazi, na mwisho wa mstari mama, kanibeba mkono mmoja, nimeviringishwa blanketi. Wote wamekunja nyuso. Lakini mama amezidi. Mdomo umevutwa upande, macho yamefumbwa kwa nguvu, na ule mkono wake wa pili ameuinua mbele, juu kidogo, kiganja wazi, kauelekeza kwenye kamera. Kama mtu anayesema: toka hapa!

Mkono huo ulikuwa na historia yake kwetu. Baba mdogo, mtu wa utani asiyejua kufunga breki, kila tukikusanyika aliitoa picha ile na kusema, "Mtazameni shemeji anavyomfukuza mpiga picha! Shemeji alikuwa hataki mchezo!" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Nikikataa kula, nikikataa kutumwa dukani, naambiwa, "Huyu ni mama yake mtupu, hata picha aliikataa." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata shangazi alisema, na anayenipenda kuliko shangazi sijamwona.

Lakini mtoto anasikia kwa masikio yake mwenyewe. Mimi nilichosikia ni kwamba siku moja tu katika maisha yake mama alitakiwa apigwe picha akiwa amenibeba, na siku hiyo alikataa. Alikataa picha? Au alikataa picha na mimi? Mimi, Mama Kwa Nini, ninayemuuliza kila mtu kila kitu, swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. Kuna maswali ambayo mtu hayaulizi kwa kuogopa kwamba yatajibiwa. Nikaishi nalo, likawa limenikaa kifuani, na nilipojifungua likaanza kuniuma kweli kweli.

Nikaamua. Nitaikuza picha ile, niitundike ukutani, binti yangu amjue bibi yake. Lakini amjue bila ule mkono. Nikaulizia, nikaambiwa yuko mwalimu chuoni hapa, ana chumba kidogo nyuma ya madarasa, anatengeneza picha za zamani zilizochanika na kufifia. Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda.

Nikamkuta. Akatazama kivuli changu kwanza, kisha akaniamkia. Nikamwambia, "Fundi, nataka uikuze hii, na huu mkono uufute."

Akaipokea kwa kushika kingo, akaisogeza dirishani, akaiinamia hadi nikadhani amesinzia. Halafu akaniuliza, "Jua lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Jua? Jua lilikuwa angani, Fundi. Kwani huwa linakaa wapi?"

"Upande gani?"

"Mimi ndiye huyo mtoto kwenye blanketi. Ningejuaje?"

"Picha inajua. Iulize."

"Baba, nimekuja kufutiwa mkono, sikuja kufanya mtihani."

Akanirudishia picha yangu kwa mikono miwili. Akasema, kwa upole ule ule mnaoujua, "Dada, mimi sifuti kitu kabla sijajua kilikuwa kinafanya nini pale. Nenda, uje uniambie jua lilikuwa wapi. Ukirudi ukaniambia, na bado ukataka niufute, nitaufuta."

Jamani, nilitoka pale nimevimba! Nilimwambia shangazi kwamba chuoni kuna mzee hana akili timamu. Shangazi akasema, "Achana naye, mafundi wamejaa mjini." Na kweli walijaa. Ningeweza kwenda kwa mwingine, mkono ungefutwa siku ile ile, na hotuba hii leo isingekuwapo. Kwa nini sikwenda? Kwa sababu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, na hiyo kwangu ni dawa mbaya. Kesho yake saluni nilikuwa namsuka mteja huku nakitazama kivuli cha pua yake. Nikamgeuza kiti. Kivuli kikahama. Nikamgeuza tena. Mteja akasema, "Dada, unanisuka au unanichungulia?" Nikamwomba radhi, nikamsuka, na alipoondoka nilijigeuza mwenyewe mbele ya kioo mpaka mtoto akaanza kulia kwa njaa.

Basi nikajiandikisha masomo ya jioni. Si kwa sababu nilitaka kuwa mpiga picha. Nilitaka kumrudishia yule mzee jibu lake, na nimtupie usoni.

Somo la kwanza, Mheshimiwa, halikuwa na kamera. Kila mmoja aliambiwa aje na yai la kuchemsha. Tukaliweka karibu na dirisha, taa zikazimwa, tukaambiwa tulitazame. Upande gani unang'aa? Giza linaanzia wapi? Kivuli kimeangukia wapi mezani, kirefu au kifupi? Mwalimu akatuambia, "Yai halina pua wala majivuno. Mkilielewa yai, nyuso hazitawasumbua." Darasani tulikuwa na mwenzetu mmoja tuliyemwita Bwana Harusi, kwa kuwa hakuna siku alikuja bila suti na tai. Yeye alikuwa ametoka kazini na njaa yake. Mwalimu alipofika kwenye meza yake alikuta maganda.

Mwalimu akayatazama maganda, akamtazama na Bwana Harusi. "Umekula mtihani, bwana. Basi njoo ukae wewe palipokuwa na yai."

Tukafundishwa kwa uso wake. Alipolitazama dirisha moja kwa moja, mwanga ukampiga wote mbele, uso ukawa bapa, pua kama haipo. Alipogeuka pembeni kabisa, nusu ya uso ikabaki, nusu ikaenda. Mwalimu akapanda juu ya meza na taa ya mkono, akammulika utosini, na Bwana Harusi akawa mzee wa kutisha, macho yamezama. Akammulika kutoka chini, tukapiga kelele. Mtu yule yule, tai ile ile, njaa ile ile. Halafu akamkalisha mshazari, dirisha likimjia kutoka mbele upande mmoja, na upande wa pili akatushikisha shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo. Bwana Harusi ni mweusi wa kung'aa, na alikuwa ametuambia kwamba katika picha zote za maisha yake hutoka meno tu. Mwalimu akampiga picha, akamwonyesha. Bwana Harusi akasema taratibu, "Mbona kama marehemu baba?" Hakuna aliyemtania siku ile, na sisi tulikuwa watani wabaya.

Ndipo tukafundishwa na ile salamu ya ngumi, ambayo wahitimu hawa mmewaona wakiifanya huko nje mkadhani wamerogwa. Mwanafunzi wa Mwalimu Kivuli haanzi kazi mahali papya kabla hajakunja ngumi, akainyoosha mbele yake, na kuzunguka polepole akiitazama: mwanga unapoigusa vizuri ngumi, ndipo mtu atakaposimama. Mimi niliifanya kwenye harusi ya watu. Nikazunguka, nikazunguka, ngumi ikaishia mbele ya mjomba wa bibi harusi. Akavua koti. Alisema, "Kama ni ugomvi, tutoke nje!" Nikamwambia, "Ndiyo mjomba, tutoke nje, huko mwanga ni mzuri zaidi!" Mkewe ndiye aliyetuamua.

Siku nyingine Mwalimu akatuambia jambo lililonikalia kichwani. Akasema zamani, filamu ilipokuwa inataka mwanga mwingi, wapiga picha walirithishana kanuni moja: jua liwe mgongoni kwako. Mgongoni kwa mpiga picha maana yake ni machoni kwa anayepigwa. Wazee wetu walipangwa mstari, wakaambiwa tazameni huku, na huku ndiko jua lilikokuwa. Fikirini albamu zenu nyumbani. Babu amekunja uso, bibi amekunja uso, hata bwana harusi na bibi harusi wake wametazama kamera kama wanaodaiwa. Sisi tukakua tunasema, wazee wetu walikuwa watu wa shida, hawakujua kucheka. Nani alituambia? Pengine walikuwa wanacheka mpaka sekunde ile mpiga picha alipowageuza.

Nikaitoa picha yangu. Nikazitazama pua, moja baada ya nyingine. Kivuli cha kila pua ni kifupi, kimeshuka chini, kimeegemea kulia. Kwa hiyo jua lilikuwa mbele yao, juu sana, kushoto kidogo. Lilikuwa jua la mchana! Nikakimbia hadi chumbani kwa Mwalimu, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Akasema, "Sawasawa kabisa. Sasa, nifute mkono?"

Hapo nilidhani nitasema hapana, lakini nisiwadanganye. Nilikuwa nimejua jua lilipokuwa, nimejua kwa nini wote walikunja nyuso. Lakini mkono ulikuwa bado mkono. Wengine walipigwa na jua na hawakumfukuza mtu. Nikasema, "Ufute."

Alinitazama kidogo. Ahadi ni deni, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Akaiweka picha juu ya meza yake, chini ya taa, akasema ataanza kesho mchana, baada ya kipindi chetu cha Jumamosi.

Kesho yake, kipindi kilikuwa cha nje, uani hapa nyuma, jua la utosi. Ni saa mbaya kuliko zote kwa kupiga picha watu, na ndiyo sababu alitutoa, tujue ubaya wake. Mimi nilikuja na mtoto kwa kuwa shangazi alikuwa amekwenda hospitali kutazamwa macho. Mwalimu akasema, "Dada msusi, simama pale na mtoto. Mtazame Bwana Harusi." Nikasimama. Nikamhamisha mtoto kutoka mgongoni nikampakata mbele. Jua likanipiga usoni machozi yakanitoka. Mtoto akaanza kukereka, akageuza kichwa huku na huku. Bwana Harusi akabonyeza.

Akatazama kioo cha kamera yake, akaanza kucheka. "Dada, mbona unanifukuza?"

"Nani anakufukuza?"

"Tazama huo mkono wako!"

Ndugu wageni waalikwa, sikukumbuka kwamba nimeinua mkono. Sikuamua kuuinua. Nikaisogelea kamera, nikatazama, na ndani ya kamera ile nikamwona mama yangu. Mdomo umevutwa upande. Macho yamefumbwa kwa nguvu. Mkono mbele, juu kidogo, kiganja wazi. Na chini ya kiganja, ndani ya kivuli chake, binti yangu ametulia, macho makavu, makubwa, ananitazama.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Halafu nikakumbuka picha iko mezani kwa Mwalimu, na kesho mchana ya jana ndiyo leo! Niliinuka nikakimbia na mtoto kifuani, kiatu kimoja nilikiacha uani, nikaingia chumbani kwake nikipiga kelele, "Usiufute! Usiufute!" Chumba kilikuwa kitupu, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alikuwa uani na wenzangu, na mimi katika kuchanganyikiwa nilikuwa nimempita. Picha ilikuwa mezani, haijaguswa. Pembeni yake palikuwa na lenzi ya kukuzia.

Nikaishika lenzi. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikumtazama mama. Nilijitazama mimi. Katika picha nzima ile, mstari mzima wa watu wazima waliokunja nyuso, mwenye macho wazi ni mmoja, na ni mimi. Pua yangu haina kivuli kama pua zao. Uso wangu wote umefunikwa na kivuli kimoja laini, na kivuli hicho kinaishia kwenye blanketi, na pale kinapoishia kimegawanyika. Ni vidole. Vidole vya mama yangu vimelala juu ya blanketi langu.

Mwalimu alinikuta nalia. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Nilishuku tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nakufariji."

Na ni kweli. Ningesema hivyo. Ningemshukuru, ningeondoka, na moyoni ningeendelea kuamini ninachokiamini. Watu wengi wana majibu mazuri, ndugu zangu, lakini ni wachache wanaoweza kulishika jibu mkononi na kukungojea ulifikie kwa miguu yako. Ndiyo sifa ninayompa leo, na sidhani kama ipo kwenye cheti chochote cha utumishi bora.

Ndugu Mkuu wa Chuo, hapa naomba nichomekee jambo dogo. Nimesikia upo mpango wa kuliziba lile dirisha kubwa la darasa lake ili pawekwe makabati. Kwa heshima zote nilizo nazo, na nyingine nitaazima: makabati yatafutiwe ukuta mwingine. Makofi hayo ni yenu wenyewe, sikuyaomba.

Na ninyi wahitimu. Mtatoka hapa mtanunua lenzi ndefu, mtanunua taa zenye miavuli, mtajifunza kulainisha ngozi za watu kwa kompyuta mpaka mama mzazi asimtambue mwanawe. Haya, fanyeni. Lakini mteja akija akiwaambia, "Nifutie hiki, nikatie hiki," msikimbilie kufuta. Muulizeni kwanza mwanga ulitoka wapi. Na mkitaka kumjua mtu katika picha, msiishie usoni pake, maana uso unaonyesha tu jua lilivyomfanya. Tazameni na kivuli chake, kimemwangukia nani.

Baba mdogo bado yu hai, na utani wake haujapungua hata punje. Lakini siku hizi akiitoa picha anasema, "Mtazameni shemeji anavyolifukuza jua!" Watu wanacheka, na mimi nacheka kuliko wote.

Nimebakiza neno la shangazi, na nimemwomba ruhusa jana, akanipa. Siku ile niliporudi nyumbani na kiatu kimoja, nilimkalisha karibu na mlango penye mwanga, nikampa picha na lenzi niliyoiazima kwa Mwalimu. Akatazama. Macho yake yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo alichukua muda. Nilikuwa na hasira kidogo, nisifiche. Nikamwambia, "Shangazi, wewe hapo umesimama naye bega kwa bega. Mkono umeinuka mbele ya pua yako. Hukuona alikuwa anafanya nini?"

Aliiweka lenzi mapajani. Akasema, "Mwanangu, ningeona nini? Tuliambiwa tutazame kule, na kule ndiko kulikokuwa na jua. Sote tulikuwa tumefumba macho. Uliyekuwa umefumbua ni wewe peke yako. Uliyeuona mkono ule ni wewe."

Mwalimu wangu, kazi niliyoiagiza kwako haijafanywa mpaka leo hii unapostaafu. Mbele ya Mgeni Rasmi na mashahidi wote hawa, naiondoa oda yangu. Picha hii hapa nimekuletea, nimeikuza mwenyewe, mkono umo wote hadi kucha. Itundike nyumbani kwako, mahali dirisha litakapoifikia kutoka pembeni.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Mshereheshaji anasema tutoke tupige picha ya pamoja, nami nimeshatazama nje: jua liko upande wa geti, kwa hiyo tutaligeuzia mgongo. Shangazi, wewe njoo usimame karibu yangu. Likikuchoma macho hata hivyo, mkono ninao.